Krismasi, Pantomaimu na Paukwa Yetu

Mgeni akialikwa pantomaimu hapa Uingereza mwezi wa Desemba, asidhani anakwenda kuona mchezo wa kimya. Ni kelele mwanzo hadi mwisho. Mtu mbaya akimnyemelea shujaa, watoto ukumbi mzima hupiga ukelele: "Yuko nyuma yako!" Mwanamume huvaa gauni na wigi akawa mama mtu. Hadithi nazo ni zile zile za kila mwaka: Cinderella, Aladdin, Jack na mharagwe wake.

Mchezo huu ulianza kwa ishara zaidi kuliko maneno. Katika karne ya 18, John Rich aliucheza jijini London akiwa Harlequin, mhusika mwenye asili ya Italia, wala hakuhitaji kusema. Sheria ya mwaka 1843 ilipoziruhusu kumbi nyingi zaidi kuonyesha michezo ya maneno, mazungumzo yaliongezeka. Baadaye pantomaimu ikawa burudani ya watoto wakati wa Krismasi.

Lakini watoto walikuwa jukwaani pia. Joseph Grimaldi, mchekeshaji mashuhuri aliyezaliwa mwaka 1778, alipandishwa jukwaani kabla hajatimiza miaka 3. Enzi za Malkia Victoria, watoto wengi wa maskini walivalishwa mabawa wakacheza hadi usiku ili familia zipate riziki. Sheria ya mwaka 1889 ikakataza kuwaajiri walio chini ya miaka 7, na wa miaka 7 hadi 10 wakahitaji kibali.

Historia hiyo inatuachia swali: mtoto ana nafasi gani katika sanaa? Kumpamba ili awafurahishe wakubwa ni rahisi. Kumpa sauti ambayo bila hiyo mchezo hauendi ni jambo jingine, na hapo pantomaimu ya leo inakutana na fasihi simulizi yetu. Bibi akisema "Paukwa!" hangoji makofi. Anangoja "Pakawa!" Pasipo jibu, hadithi haianzi.

Wanachama wenzangu, watoto wetu wengi huku ugenini husikia Kiswahili nyumbani na kujibu kwa Kiingereza. Likizo hii, baada ya kuwapeleka pantomaimu, tuwakalishe tuwatambie hadithi. Paukwa inawadai neno moja tu, nalo ni la Kiswahili. Tuanzie hapo.