Tundu la Boneti Lina Kazi Gani?

Wengi hudhani kwamba tundu lililo juu ya boneti ya Subaru Impreza WRX hupeleka hewa moja kwa moja ndani ya injini. Sivyo. Turbo huigandamiza hewa kabla haijaingia injinini, na hewa igandamizwapo hupata joto. Kwa kanieneo ile ile, lita moja ya hewa ya nyuzi 60 za Selsiasi ina uzito pungufu kwa asilimia 12 hivi kuliko ile ya nyuzi 20. Oksijeni ikipungua, nguvu nayo hupungua. Upepo uingiao tunduni hupita katikati ya mapezi ya kipoozi kilicho juu ya injini, ukaliondoa joto hilo. Gari likisimama, upepo hukoma na faida hufifia. Tundu la bandia, lisilo na kipoozi wala njia ya hewa chini yake, ni pambo tu.