KUPUNGUZA UZITO SI KULALA NJAA

Siku hizi katika vikundi vingi hakosekani mama au mzee aliyetoka kliniki akiwa ameambiwa, "Presha yako iko juu, punguza uzito," au, "Sukari imepanda, angalia chakula." Anarudi nyumbani akijiuliza, "Sasa nitakula nini?"

Wengi huamua kujinyima. Asubuhi chai tupu, mchana hakuna kitu, na jioni njaa ikizidi mtu anamaliza ugali wote uliobaki kwa sufuria. Baada ya wiki mbili anachoka na kusema, "Hiyo mambo ni ya watu wa Nairobi." Dawa anaendelea kununua kila mwezi, na uzito ni uleule.

Katika makala haya tunaeleza kwamba mtu anaweza kupunguza uzito huku ameshiba. Vyakula vya kumsaidia viko katika mashamba yetu.

Jambo hili linatuhusu

Uchunguzi uliofanywa Kenya nzima mwaka 2015 ulionyesha kwamba watu wazima 27 katika kila 100 walikuwa na uzito uliozidi. Kwa wanawake walikuwa karibu 39 katika kila 100, na kwa wanaume karibu 18. Uzito uliozidi unaongeza hatari ya presha, ugonjwa wa sukari na ugonjwa wa moyo, na pia unasumbua magoti.

Zamani mtu wa Kebirigo alitembea kwa miguu hadi sokoni akiwa na mzigo mgongoni. Leo anapanda bodaboda. Mtu anayechuma chai kutwa nzima kwenye mteremko anatumia nguvu nyingi. Anayekaa dukani anatumia kidogo, lakini mara nyingi sahani zao zinalingana.

Unaweza kujipima kwa kamba. Pima urefu wako kutoka kisigino hadi utosini, ukate kamba hapo. Ikunje katikati mara moja, kisha uizungushe kiunoni, juu kidogo ya kitovu. Kama ncha hazikutani, kiuno chako kimezidi nusu ya urefu wako, na inafaa upunguze. Kipimo hiki si cha mama mjamzito.

Kalori ni nini?

Kalori ni kipimo cha nguvu iliyo katika chakula, kama vile lita ni kipimo cha maziwa. Nguvu tusiyoitumia mwili unaiweka kama mafuta. Lakini tumbo halihesabu kalori peke yake. Linasikia pia wingi na uzito wa chakula kilichoingia. Kwa hiyo chakula chenye maji mengi na nyuzinyuzi, kama mboga, hujaza tumbo kwa kalori chache. Chakula chenye mafuta na sukari huleta kalori nyingi, na bado tumbo linauliza, "Kingine kiko wapi?"

Mwaka 1995 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, walijaribu vyakula 38. Kila chakula kilipimwa kiwe na kalori 240, watu wakala, kisha wakaulizwa kila baada ya dakika 15, kwa saa mbili, wameshiba kiasi gani. Viazi vilivyochemshwa ndivyo vilivyoshibisha kuliko vyote, zaidi ya mara tatu ya mkate mweupe. Machungwa yalishibisha karibu mara mbili ya mkate. Keki na donati, ambayo ni ndugu ya mandazi yetu, zilishindwa hata na mkate. Kwa jumla, vyakula vyenye maji, nyuzinyuzi na protini vilishibisha zaidi, na vyenye mafuta mengi vilishibisha kidogo.

Tulinganishe

Mandazi mawili ya kawaida yana karibu kalori 350. Ukitaka kupata kalori hizo kwa viazi vitamu vya kuchemsha, itabidi ule karibu gramu 400. Ni watu wachache watakaomaliza. Malenge ya kuchemsha ni mepesi zaidi: gramu 100 zina kalori kama 20 tu. Viazi vya kuchemsha gramu 100 vina kalori karibu 87, lakini vikikaangwa kuwa chipsi vinapita 300.

Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kalori karibu 120. Mama akimimina mafuta kwa mboga bila kupima, vijiko vinne huingia haraka, na hizo ni kalori 480 kabla hatujahesabu mboga yenyewe.

Kisha chai. Sisi ndio wakuzaji wa majani, na kikombe hatukikatai. Tatizo ni sukari. Mtu akitia vijiko vitatu vidogo kwa kikombe, na akanywa vikombe vinne kwa siku, hivyo ni vijiko 12, karibu kalori 190. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba ni vizuri zaidi sukari tunayoongeza isizidi gramu 25 hivi kwa siku, yaani vijiko vidogo sita. Soda moja ya mililita 300 ina karibu vijiko vinane. Haba na haba hujaza kibaba, na sukari nayo ni hivyo hivyo.

Sahani ya kushibisha

1. Nusu ya sahani iwe mboga: chinsaga, rinagu, emboga, enderema, risosa au sukuma wiki. Pika kwa kijiko kimoja cha mafuta kwa sufuria ya watu wanne, au tia maziwa kidogo kama akina nyanya walivyofanya. Anza kula mboga kabla ya ugali.

2. Robo iwe ugali, ndizi ya kupika au viazi. Ugali uwe kama ngumi yako. Wimbi ni chaguo zuri kwa sababu lina nyuzinyuzi kuliko unga mweupe wa mahindi uliokobolewa, na lina madini mengi ya kalsiamu. Lakini tusidanganyane: kalori za unga wa wimbi na wa mahindi zinakaribiana. Kwa hivyo wimbi nalo lipimwe kwa ngumi.

3. Robo iwe maharagwe, ndengu, omena, yai au nyama isiyo na mafuta mengi. Vyakula hivi hukaa tumboni na kuzuia njaa ya haraka.

Kula pole pole. Huchukua kama dakika 20 kabla mtu hajasikia vizuri kwamba ameshiba. Anayetaka kuongeza, aongeze mboga kwanza.

Vya kula katikati ya siku

Njaa ya saa nne na ya saa kumi ndiyo hutupeleka kwenye kibanda cha mandazi. Jitayarishe mapema na kimoja kati ya hivi:

- Hindi moja bichi la kuchemsha au kuchoma (karibu kalori 100).
- Kipande cha malenge au kiazi kitamu kidogo.
- Yai moja la kuchemsha (karibu kalori 75).
- Mapera mawili, chungwa au ndizi moja mbivu.
- Kikombe cha uji mchachu wa wimbi, mwepesi, bila sukari.
- Bakuli dogo la maharagwe na mahindi yaliyochemshwa bila kukaangwa.

Parachichi na njugu karanga ni vyakula bora, lakini vina mafuta mengi. Nusu ya parachichi ina karibu kalori 160, na konzi moja ya njugu karibu 170. Kula, lakini kwa kipimo. Muwa nao utamu wake wote ni sukari, kwa hiyo pingili moja inatosha.

Tahadhari

Mashauri haya si ya watoto, akina mama wajawazito au wanaonyonyesha, wala mtu anayepona ugonjwa. Mtu anayekonda bila kujua sababu aende hospitali upesi.

Anayetumia dawa za sukari asiruke chakula wala kupunguza kwa ghafula kabla ya kuongea na kliniki. Akianza kutetemeka, kutoka jasho na kuona kizunguzungu, huenda sukari imeshuka sana. Kama anaweza kumeza, apewe maji ya sukari au soda mara moja, kisha apelekwe kwa wahudumu wa afya.

Kikundi kifanye nini?

Mwanakikundi mmoja akibadilisha chakula peke yake huchekwa. Watu husema, "Huyo amekuwa mgonjwa," au, "Bwana yake hamlishi." Lakini kikundi kizima kikikubaliana, hakuna wa kumcheka mwingine. Mwanzo rahisi ni chai ya mkutano: mahali pa mandazi na mkate, wekeni viazi vitamu, malenge na mayai. Sukari iwekwe mezani, isichemshwe na chai, ili kila mtu apime yake.

Angalieni pia pesa. Tunapeleka ndizi, mboga na viazi vitamu hadi Daraja Mbili na Keroka, kisha tunarudi na mkate, sukari na mafuta ya kukaangia. Si vibaya kuuza, kwa maana karo ya shule inatoka hapo. Lakini sehemu ya mavuno ibaki kwa sufuria ya nyumbani. Ni chakula ambacho tayari tumekitolea jasho.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika mkutano wetu uliopita tulikula nini? Nini kinaweza kubadilishwa bila kuongeza gharama?
2. Nyumbani kwako chupa moja ya mafuta inakaa siku ngapi? Je, inaweza kukaa mara mbili ya hizo?
3. Nani kati yetu ameambiwa apunguze uzito, na kikundi kitamsaidiaje bila kumwaibisha?
4. Ni mboga gani za kienyeji tunaweza kupanda karibu na jikoni kabla ya mvua ijayo?