Sura ya Tano: Siku Mbili Mombasa

Watu wengi wanaokwenda Mombasa kwa siku mbili huuona mji kupitia dirisha la gari. Wamepanga Fort Jesus asubuhi, Nyali mchana, Mtwapa jioni, kesho yake Gedi na Malindi, kisha warudi mbio kuwahi treni. Ukipiga hesabu ya mpango huo utakuta saa nyingi zimeliwa na barabara, na ngome iliyogombewa kwa karibu karne tatu imebakiziwa muda wa picha mbili langoni. Mtaka yote hukosa yote.

Sura hii inafundisha kupanga kwa kupunguza. Mambo yenye uzito zaidi katika historia ya Mombasa yamo kisiwani, katika eneo linalotembeleka kwa miguu, na ratiba yake inaongozwa na vitu vitatu ambavyo mgeni hawezi kuvibadili: jua, swala na maji ya bahari. Ukivifuata, siku mbili zinatosha kuuelewa mji.

Kuchagua msimu

Mji huu ulikuzwa na pepo. Kaskazi, inayovuma takriban Desemba hadi Machi, ilileta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Kusi, kuanzia Aprili, iliyarudisha. Katikati ya pepo hizo mbili wafanyabiashara walilazimika kukaa na kungoja, na katika kungoja huko wakaoa, wakajenga na kuswali pamoja na wenyeji.

Pepo hizohizo ndizo zinazoamua kama utatembea kwa raha. Februari na Machi joto ni kali. Masika hushika Aprili na Mei, na Mei ndiyo yenye mvua nyingi zaidi. Kuanzia Julai hadi Septemba kusi hupunguza joto, na kwa mtu wa kutembea kwa miguu hakuna wakati bora kuliko huo. Desemba watu wa bara humiminika Pwani kwa likizo, kwa hiyo kata tiketi na ulipie chumba mapema.

Angalia pia kalenda ya Kiislamu. Katika Ramadhani sehemu nyingi za kula Mji wa Kale hufungwa mchana, na si adabu kula hadharani. Lakini baada ya futari mitaa huchangamka hadi usiku mwingi. Aliye tayari kugeuza saa zake za kula ataupenda mji zaidi wakati huo.

Kuingia kisiwani na mahali pa kulala

Treni ya reli mpya, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, inaishia Miritini, na uwanja wa ndege pia uko upande wa bara. Ukitoka huko unaingia kisiwani kwa njia ya Makupa. Mabasi ya Dar es Salaam na Tanga hupitia Lunga Lunga hadi Likoni, kisha huvuka kwa feri, ambayo mtu wa miguu hupanda bila kulipa. Upande wa kaskazini kuna daraja la Nyali. Njia zote hizo husongamana asubuhi na jioni, watu wanapokwenda kazini na kurudi.

Kwa hiyo uamuzi mkubwa kuliko yote ni mahali pa kulala. Mwenye siku mbili alale kisiwani, karibu na Mji wa Kale. Hoteli za ufukweni ni nzuri kwa mwenye wiki nzima. Mwenye siku mbili akilala huko atakuwa akivuka daraja mara nne ili afike kwenye kitu alichokijia.

Siku ya kwanza: ngome na bandari ya kale

Fort Jesus hufunguliwa saa mbili asubuhi. Fika saa hiyohiyo, kabla jua halijapiga kuta za mawe ya matumbawe. Beba kitambulisho, kwa sababu kiingilio cha raia wa Kenya, cha mkazi wa Afrika Mashariki na cha mgeni wa mbali havilingani. Hakikisha pia simu yako iko tayari kwa malipo.

Usianze na jumba la makumbusho. Panda kwanza ukutani, upande wa baharini. Hapo utaelewa kwa nini Wareno walijenga mahali hapa kuanzia mwaka 1593, kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati: kila chombo kilichoingia bandarini kilipita chini ya mizinga yao. Aliyeishika ngome aliushika mlango wa mji, na ndiyo maana damu nyingi ilimwagika hapa. Mwaka 1631 Yusuf bin Hasan, mtoto wa ukoo wa kifalme aliyelelewa na Wareno Goa na kubatizwa, aliwageuka na kuiteka ngome. Wareno walirudi baadaye, lakini mwaka 1696 Waomani walikuja kuizingira, wakaiteka Desemba 1698. Waliokuwa ndani waliuawa zaidi na maradhi na njaa kuliko silaha.

Jua likianza kuchoma, ingia makumbusho. Tafuta vitu vilivyoopolewa kwenye merikebu ya Kireno Santo António de Tanná, iliyozama chini ya ngome mwaka 1697 wakati wa mzingiro huo. Wapiga mbizi walianza kuichimbua miaka ya 1970. Kisha tazama nyumba ya Waomani, na ukumbuke kwamba Waingereza waliifanya ngome hii kuwa gereza kuanzia 1895 hadi 1958. Mwaka 2011 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa dunia. Ipe saa mbili na nusu, usipunguze.

Ukitoka, shika Ndia Kuu uingie Mji wa Kale. Inua macho utazame roshani za mbao, yashushe utazame milango ya nakshi. Pita Msikiti wa Mandhry, unaosemekana kuwa wa mwaka 1570, hadi Bandari ya Kale na nyumba ya Leven, iliyochukua jina la meli ya Kapteni William Owen, Mwingereza aliyetangaza ulinzi juu ya Mombasa mwaka 1824. Mpango wake ulivunjwa na serikali yake mwenyewe miaka miwili baadaye.

Adhana ya adhuhuri huadhiniwa kati ya saa sita na saa saba, na maduka mengi hufunga. Ijumaa hufunga kwa muda mrefu zaidi. Fanya kama wenyeji: kula wali wa nazi na samaki wa kupaka, kisha pumzika. Rudi baada ya alasiri, mabaraza yanapojaa watu na kahawa chungu inapopita na kashata. Saa mbili za jioni hapo zitakufundisha zaidi ya kituo kingine chochote ambacho ungekiongeza.

Vaa nguo za kusitiri mabega na magoti. Mkubwa mwamkie kwa shikamoo. Usipige picha ya mtu bila idhini yake, wala usiingie msikitini bila kuruhusiwa. Ukichukua kiongozi, achukuliwe mwenye kitambulisho cha kazi, na bei mpatane kabla ya kuondoka.

Siku ya pili: soko, bahari na Kilindini

Anza kwa mahamri na mbaazi, kisha nenda soko la Marikiti asubuhi, bidhaa zikiwa bado mbichi, ukanunue iliki, mdalasini na pilipili manga. Barabara ya Biashara ina leso za kila rangi. Soma jina la leso kabla ya kuilipia, hasa ukiwa unampelekea mtu zawadi, kwa sababu maneno hayo yatamfikia kama kauli yako.

Kama unataka kuogelea, uliza kwanza maji. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele kama dakika 50 kila siku. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Maji yakiwa yamekupwa, Nyali utatembea mbali juu ya mchanga na mwani kabla ya kupata kina. Kama maji yatajaa mchana, nenda. Kama yatakupwa, baki kisiwani wala usijute.

Maliza jioni ya pili kwenye ufuko wa Mama Ngina, chini ya mibuyu, kwa mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili, na dafu la kusukumia. Meli kubwa hupita mbele yako zikielekea Kilindini. Ujenzi wa reli ya Uganda ulipoanza upande huo mwaka 1896, na meli za mvuke zilipohitaji kina kirefu, biashara kubwa ilihama kutoka bandari uliyoiona jana, na bandari hiyo ikaachiwa majahazi. Kwa siku mbili utakuwa umeziona bandari zote mbili za kisiwa kimoja, na sababu ya moja kuipokonya nyingine nafasi yake.

Cha kuacha

Gedi ni mji wa magofu unaostahili siku yake, na Malindi vilevile. Jumba la Mtwana liko karibu zaidi, lakini nalo linataka asubuhi nzima. Viweke kwa safari nyingine.

Basi, msomaji, chukua orodha yako leo na ufute kila kitu kilicho nje ya kisiwa, isipokuwa bahari, nayo kwa ruhusa ya maji. Saa utakazookoa zipe ngome, zipe mabaraza, na uwape watu wa Mombasa nafasi ya kukueleza mji wao.