Meli za Angani: Mchezo wa Kompyuta na Kanuni ya Archimedes

Binadamu alipaa kwa puto mwaka 1783, yaani miaka 120 kabla ya ndege ya kwanza yenye injini kuruka. Siri ya puto ni nyepesi kueleza: kitu kilichozungukwa na hewa husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa hewa kilichoiondoa mahali pake. Hiyo ndiyo kanuni ya Archimedes, nayo yatumika hewani kama itumikavyo majini.

Mwaka 2012 kampuni ndogo ya New York, Marekani, iitwayo Muse Games, ilitoa mchezo wa kompyuta uliojengwa juu ya wazo hilo. Jina lake ni Guns of Icarus Online. Ndani yake meli zinazoning'inia chini ya maputo hupigana kwa mizinga. Kila meli huhitaji watu wanne, na kila mmoja wao huwa kwenye kompyuta yake, pengine katika nchi tofauti. Nahodha huongoza chombo, wapiga mizinga hulenga shabaha, na mafundi hukimbia huku na huko wakitengeneza injini, kiunzi na puto. Puto likiharibika, meli huanza kushuka.

Wachezaji waliupokea mchezo huu kwa hisia mbili. Wengi waliusifu kwa sababu ushindi haukutegemea hodari mmoja. Nahodha stadi asiye na fundi mwangalifu alishindwa upesi. Hata uchaguzi wa vifaa ulidai busara: nyundo kubwa ilitengeneza sehemu kubwa kwa pigo moja, lakini baada ya hapo ilibidi kungoja kabla ya kuitengeneza sehemu hiyo tena, spana ndogo ilitengeneza kidogo kidogo, lakini upesi zaidi.

Kwa upande wa pili, sifa hiyohiyo ilizaa udhaifu. Pambano kubwa la meli nne dhidi ya nne lilihitaji watu 32 kwa wakati mmoja. Wachezaji walipokuwa wachache, waliokuwapo walingoja sana, na nafasi tupu zilijazwa na mabaharia wanaoendeshwa na kompyuta. Mgeni naye alijikuta kati ya wazoefu kabla hajajua kazi yake. Mwaka 2017 watengenezaji walitoa mchezo mwingine, Guns of Icarus Alliance, ambamo wachezaji waliweza kuungana dhidi ya maadui wanaoongozwa na kompyuta.

Je, meli za namna hiyo zaweza kupaa kweli? Na tupige hesabu. Karibu na usawa wa bahari, mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa kilo 1.2 hivi; ya haidrojeni, kilo 0.09. Kwa hiyo kila mita ya ujazo ya haidrojeni yaweza kuinua kilo 1.1 tu. Tuchukue puto lenye umbo la silinda, urefu mita 30 na kipenyo mita 10. Ujazo wake ni mita za ujazo 2,356, na nguvu yake ni kuinua tani 2.6. Uzito huo ni pamoja na puto lenyewe! Meli ya mbao yenye mizinga, injini na watu haitaondoka ardhini.

Historia yatuonyesha ukubwa unaotakiwa. Novemba 1917 meli ya angani ya Kijerumani, L59, iliondoka Jamboli, Bulgaria, kupeleka tani 15 hivi za dawa, risasi na vifaa vingine kwa jeshi la Lettow-Vorbeck kusini mwa nchi ambayo leo ni Tanzania. Ilikuwa na urefu wa mita 226 na mita za ujazo 68,500 za haidrojeni. Mchana jua la jangwani liliipasha gesi joto, ikapanuka, na nyingine ikalazimika kutoka. Usiku gesi ilipopoa, meli ilipungukiwa na nguvu ya kuelea. Ilipofika magharibi ya Khartoum ilipokea amri ya kurudi. Ilitua Jamboli baada ya kukaa angani saa 95 na kusafiri kilometa zipatazo 6,750.

Mwalimu wa fizikia aweza kuwapa wanafunzi wake swali hili: puto la mchezo lingepaswa kuwa na ukubwa gani ili liinue tani 50? Watakaolijibu watatambua kwamba mchezo umeacha kanuni ya maumbile, ila umehifadhi jambo moja la kweli, nalo ni kwamba chombo cha angani hutegemea kila aliyemo. Tofauti ni kwamba katika mchezo puto lililoharibika hutengenezwa kwa nyundo, na meli iliyoanguka hurudi. L59 ilishika moto angani karibu na Mlango wa Otranto tarehe 7 Aprili 1918. Watu wote 21 waliokuwamo walikufa.