Alisimama, Hakusema Neno

Kabla Donald Trump hajapanda jukwaani katika kampeni zake za kwanza za urais, watu waliojaa ukumbini walikuwa wakisomewa tangazo. Nilikutana nalo nikiwa natafuta kitu kingine kabisa, na tangu hapo halijanitoka.

Tangazo lenyewe lilikuwa na adabu. Lilianza kwa kusema kwamba mgombea anaunga mkono uhuru wa kusema, lakini wapo watu wanaotumia vibaya ukarimu wake kwa kuja kuvuruga mkutano na kutangaza siasa zao. Mkutano huu, likaendelea, ni shughuli binafsi iliyolipiwa na mgombea, na wanaotaka kuandamana wametengewa eneo lao nje. Kisha yakafuata maelekezo. Mtu akianza kupinga karibu na ulipokaa, tafadhali usimguse wala usimdhuru. Inua bango lako juu ya kichwa, anza kuita jina la Trump, Trump, Trump, na uwaombe walio karibu nawe wafanye hivyohivyo, ili askari wajue mpingaji yuko wapi. Endeleeni mpaka atolewe.

Lisome tena polepole. Hakuna tusi hata moja. Linakataza kupiga. Lakini lilimpa kila aliyeketi pale kazi ya kufanya: mtu aliyekuja kusikiliza hotuba akageuzwa mlinzi bila kuvishwa sare wala kulipwa, na silaha aliyopewa ilikuwa jina la mgombea. Aliyelitunga alijua kwamba mpingaji huja na kelele, na kelele huzimwa kwa kelele kubwa zaidi.

Alichosahau ni kwamba anaweza kuja mtu asiyepiga kelele.

Ijumaa ya Januari 8, 2016, Trump alihutubia katika ukumbi wa michezo wa Chuo Kikuu cha Winthrop, mjini Rock Hill, jimbo la South Carolina. Mwezi mmoja kabla, Desemba 7, alikuwa ametaka Waislamu wazuiwe kabisa kuingia Marekani, siku chache baada ya mauaji ya San Bernardino, California. Ukumbini, kwenye viti vya nyuma ya jukwaa, mahali ambapo kamera za televisheni zikimlenga mgombea haziwezi kuwakwepa waliokaa, alikuwapo Rose Hamid, mhudumu wa ndege kutoka Charlotte, mji mkubwa ulio jirani katika jimbo la North Carolina. Alijifunga hijabu. Fulana yake ilikuwa na maneno ya kusema salam, nimekuja kwa amani. Kifuani alibandika beji ya manjano iliyoandikwa kwamba yeye ni Mwislamu, beji iliyotengenezwa makusudi iwakumbushe watu ile nyota ambayo utawala wa Hitler uliwalazimisha Wayahudi kuivaa.

Kabla mkutano haujaanza aliwaeleza waandishi kilichomleta, na maelezo yake yalikuwa mepesi kuliko mavazi yake. Alidhani, alisema, kwamba wengi wa wafuasi wa Trump hawajawahi kukutana na Mwislamu, basi akaona awape nafasi ya kukutana na mmoja.

Basi. Hakuja na hotuba mfukoni. Hakuja kumzuia mgombea asizungumze. Alikaa, akapiga soga na majirani zake wa viti, na wao wakapiga soga naye. Baadaye alisisitiza jambo hili kila alipohojiwa: watu aliopata nafasi ya kuzungumza nao walikuwa wema kwake, wakarimu kweli.

Trump alipofika kwenye habari ya wakimbizi wa Syria na kuashiria kwamba wana uhusiano na kundi la Dola la Kiislamu, mama huyu akasimama. Hakufungua kinywa. Hakuinua bango. Alisimama tu, uso umeelekea mbele.

Hapo ndipo lile tangazo likafanya kazi yake, tena mahali ambapo halikuwa na kazi ya kufanya. Hapakuwa na kelele ya kuzima, lakini jina likaanza kuitwa. Mabango yakapanda. Vidole vikamwelekea. Mtu ambaye waliokaa upande wa pili wa ukumbi huenda wasingemtilia maanani, sasa alionekana na ukumbi mzima, kwa kuwa wafuasi wenyewe ndio waliomtangaza. Askari wakaja, wakamtoa. Njiani kuelekea mlangoni alizomewa, na mtu mmoja akampigia kelele kwamba ana bomu. Kutoka jukwaani mgombea akawaambia wafuasi wake kwamba kuna chuki isiyoaminika dhidi yao, na kwamba chuki hiyo ni ya wapingaji, si yao.

Ofisa wa polisi wa Rock Hill alipoulizwa kosa la mwanamke huyu, jibu lake lilikuwa la kiutendaji: watu wa kampeni walikwishawaambia mapema kwamba yeyote atakayeleta usumbufu wa aina yoyote atolewe. Jibu hilo limenikaa kooni. Kusimama kimya, katika ukumbi ambamo watu husimama kila wanaposhangilia, kuliandikwa katika hesabu ya usumbufu. Kumbe mwili haukuhitaji kufanya jambo. Ulihitaji kuwa wima kwa sababu tofauti na ya wengine.

Nimesikiliza na kusoma mahojiano yake ya siku zile, na anachorudia si malalamiko. Anazungumza kama mtu aliyeona jaribio la maabara likifanyika juu ya ngozi yake. Ubaya, alisema, ulitoka kwa haraka sana, na haraka hiyo ndiyo iliyomtisha. Kwake lilikuwa somo la namna watu wanavyogeuka pale wanapoambiwa tena na tena kwamba fulani si binadamu kamili. Wakati huohuo alikataa kuwalaani wote waliokuwa ukumbini. Akaweka mpaka, na mpaka wake haukuwa wa chama wala wa dini. Ulikuwa wa umbali. Waliokuwa karibu, aliosema nao, walikuwa watu wazuri. Wabaya walikuwa wale wa mbali, ambao hakuwahi kubadilishana nao hata neno. Wapo waliomshika mkono wakati anatolewa, wakamwomba radhi kwa yaliyompata.

Mambo ya siasa yakishakuwa hivi tumezoea kugawa watu kwa rangi za fulana. Huyu anagawa kwa mita.

Inafaa kusema pia kwamba hakuwa peke yake kwa maana halisi ya neno. Mwanasheria mmoja wa masuala ya wahamiaji alisimama ubavuni mwake naye akatolewa. Lakini kamera zilimchagua mwanamke mwenye hijabu, na ndivyo dunia ilivyomkumbuka: mtu mmoja.

Mji wenyewe una historia ya watu wa namna hii. Januari 31, 1961, vijana weusi wa Rock Hill waliketi kwenye kaunta ya chakula ya duka la McCrory's, iliyotengwa kwa ajili ya wazungu. Tisa kati ya waliokamatwa walikataa kulipa faini ya dola 100, wakachagua siku 30 za kazi ngumu. Mei mwaka huohuo John Lewis, aliyekuja kuwa mbunge maarufu, alipigwa katika kituo cha mabasi cha mji huohuo kwa kutaka kuingia chumba cha kusubiria cha wazungu. Hukumu ya wale tisa ilifutwa na mahakama Januari 2015, miaka 54 imepita, na Rose Hamid alitolewa ukumbini kabla mwaka mwingine haujaisha. Wale waliadhibiwa kwa kukaa. Huyu kwa kusimama.

Mambo hayakuishia Rock Hill. Machi 2016, mjini Fayetteville, North Carolina, kijana mweusi aliyekuwa akitolewa na askari katika mkutano wa Trump alipigwa ngumi ya uso na mzee wa miaka 78. Mwezi huohuo, Louisville, Kentucky, Trump aliagiza wapingaji watolewe nje, kisha akaongeza kwamba wasiumizwe. Waliosukumwa na umati walimshtaki kwa kuchochea fujo. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa ikaona maneno yake yanalindwa na katiba, na ile kauli ya kutowaumiza ikahesabiwa upande wake.

Na Agosti 2016, hukohuko Charlotte, kijana wa miaka 18 mwenye asili ya India alitolewa kwenye mkutano wa Trump akidhaniwa ni mpingaji. Alikuwa mfuasi wa Trump, aliyejiandikisha katika chama chake. Mtambo wa kunusa wapingaji ulimla mwana wa nyumbani.

Ili nisionekane nimeegemea upande mmoja, nitaje la upande wa pili. Novemba 4, 2016, Rais Barack Obama alikuwa Fayetteville akimnadi Hillary Clinton. Mzee mmoja aliyevaa mavazi yenye sura ya kijeshi akasimama na bango la Trump. Umati wa chama cha Obama ukamgeukia, ukazomea, ukaita jina la mgombea wake. Hakuna aliyekuwa amewasomea tangazo. Obama alilazimika kuwakemea mara kadhaa ndipo wakatulia, akawapa sababu moja baada ya nyingine: nchi hii inaheshimu uhuru wa kusema, huenda mzee huyu alilitumikia jeshi, wakubwa huheshimiwa, na mwisho msizomee, kapigeni kura. Kwa hiyo hamu ya kumzima mtu mmoja haina chama. Kilichotofautiana ni alichofanya mwenye kipaza sauti.

Kwetu Afrika Mashariki visa hivi vinasomeka kwa tabasamu chungu. Kanuni za maadili ya uchaguzi, Tanzania na Kenya, zinakataza wafuasi wa chama kimoja kuvuruga mikutano ya kingine, na sababu yake tunaijua: tumeona mawe, tumeona mabomu ya machozi. Tunawajua walinzi wa vyama vya Tanzania, Green Guard wa CCM na Red Brigade wa Chadema. Lakini kanuni hizo ziliandikwa zikiwaza makundi. Je, mtu mmoja aliyevaa kijani cha CCM katikati ya mkutano wa Chadema, au gwanda la Chadema katika mkutano wa CCM, ameketi kimya, amevuruga nini? Anayesema kwamba mwenye mkutano ndiye mwenye ukumbi ana hoja, maana hakuna anayelazimishwa kumkaribisha mpinzani wake. Lakini mgombea anaomba kuongoza nchi nzima, na nchi hiyo imejumuisha yule aliyesimama.

Trump alishinda kura za mchujo za South Carolina Februari 20, 2016. Januari 27, 2017 akasaini amri ya kuwazuia raia wa nchi saba zenye Waislamu wengi, Somalia ikiwamo, na wakimbizi wa Syria wakafungiwa mlango bila kikomo. Kwa kipimo cha kura, kusimama kule hakukubadili kitu.

Lakini hicho hakikuwa kipimo chake. Alitaka wakutane na Mwislamu, na kwa waliokuwa karibu, kazi hiyo ilikwishamalizika kabla hajainuka kitini. Angeweza kubaki ameketi, akaagana nao vizuri na kurudi Charlotte akiwa na marafiki wapya wachache ambao dunia isingewasikia. Alipoinuka, alionekana na mamilioni, na kwa wengi wao akawa tena mtu wa mbali. Lipi lilikuwa na thamani zaidi? Nikilazimishwa kuchagua, nitaegemea kwenye soga. Wale waliomshika mkono mbele ya wenzao waliokuwa wakizomea walihitaji ujasiri wao wenyewe, na sidhani kama fulana pekee ingewapa.

Ila najua pia kwamba kama angebaki ameketi, nisingepata kuandika habari hii.