Betri za lithiamu kwenye baridi kali

Baadhi ya kamati zimetuuliza kwa nini simu za vijana wetu waongozaji na wapagazi huzimika usiku wa kupanda kilele cha Kilimanjaro (mita 5,895), ingawa zilijazwa chaji. Jambo hili si dogo: mtu akizidiwa huko juu, simu ndiyo ya kuitia msaada.

Wengine huzitupa betri wakidhani zimekufa. Hazijafa. Chini ya nyuzi 0 za Sentigredi kimiminika kilichomo huwa kizito, umeme hutoka kwa shida, na simu hujizima. Ikiwekwa mfuko wa ndani, karibu na mwili, ikapata joto, huwaka tena.

Kinachoua betri ni kuichaji ingali na baridi hiyo. Lithiamu, badala ya kuingia katika tabaka za kaboni, hujibandika juu yake kama utando wa metali. Uharibifu huo haurudi nyuma, na baadaye waweza kuleta shoti ndani kwa ndani, hata moto. Basi kambini alfajiri, simu na pawabanki zipashwe kwanza, tena kwa joto la mwili, si jikoni (tumeshaona).

Kwa tochi za kichwani, betri za lithiamu zisizochajiwa hustahimili baridi kuliko za alkalini. Bei yake ni kubwa, lakini kwa kiongozi wa msafara tunaona inafaa kulipwa.