Kizibo, Plagi na Nambari Sifuri: Istilahi za Gereji na za Programu

Makala haya yanakusudia kueleza jambo linalowahusu watafsiri, walimu na watumishi wa umma ambao kazi yao huwalazimu kuandika maelekezo ya ufundi. Jina moja likibebeshwa vitu viwili, aghalabu anayeumia si mwandishi, bali yule anayesoma akiwa na spana mkononi. Jambo hili nimejifunza katika mahali pawili ambapo kwa kawaida hapatajwi pamoja, yaani gerejini na katika kuandika programu za kompyuta.

Kwa muda wa mwaka mmoja na nusu nimekuwa nikijifunza kuandika programu kwa lugha ya Python. Maombi ya istilahi za taaluma hiyo yalikuwa yakifika mezani pangu, nami niliona haya kukipa jina kitu ambacho sijapata kukigusa. Wakati huohuo ninalitunza gari aina ya Peugeot 504 la mwaka 1979, nililoachiwa na marehemu baba. Magari ya aina hiyo yalianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1968, na wasomaji wenye umri watakumbuka kwamba moja lilishinda mashindano ya Safari Rally ya mwaka 1975. Sifa hiyo haipunguzi kazi ya kulitunza. Jumamosi zangu hugawanyika: asubuhi gereji, jioni kompyuta.

Siku moja mafundi vijana waliniomba niwafasirie kurasa chache za kitabu cha matunzo cha gari hilo. Niliifanya kazi hiyo upesi, nikiwa na fahari ya mtu anayejiona yumo katika fani yake. Niliandika: "Fungua plagi iliyo chini, mwaga oili, kisha jaza oili mpya katika injini." Sasa tuitazame sentensi hiyo. Gerejini, plagi ni kifaa kinachotoa cheche ya kuwasha petroli ndani ya silinda. Kwa fundi umeme wa majumbani, plagi ni kichwa cha waya kinachochomekwa ukutani. Kitabuni, neno nililolifasiri lilimaanisha kizibo cha kumwagia oili. Niliongeza maneno "iliyo chini" nikidhani kwamba nimekwisha ondoa utata wote. Kumbe chini ya gari lile vipo vizibo viwili, kimoja cha injini na kingine cha giaboksi. Kijana akafungua cha giaboksi, akamwaga, akakifunga, kisha akamimina oili mpya katika injini ambayo bado ilikuwa na oili yake yote.

Aliyetuokoa ni fundi mkuu. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakitazama kwa muda, akaniita.

"Mwalimu, karatasi hii umeiandika wewe?"

Nikakiri.

"Basi hukumwambia kijana uongo, umemwambia nusu. Gari hili lingetoka hapa na giaboksi kavu, lingesagika njiani, na wewe ungekuja kusema mafundi wezi."

Sikuwa na la kujibu. Jioni ile nilirudi kwenye programu niliyokuwa nikiiandika, ya kuweka kumbukumbu za matunzo ya gari, nikakuta nimefanya kosa lilelile. Kiasi cha oili ya injini nilikuwa nimekipa jina "oili". Mistari michache baadaye nilikipa kiasi cha oili ya giaboksi jina hilohilo. Kompyuta haikulalamika hata kidogo. Ilifuta kiasi cha kwanza, ikashika cha pili, ikaendelea na hesabu zake kwa utulivu kabisa, na majibu yote yakawa ya upotofu. Kanuni isemayo kwamba dhana moja ipewe istilahi moja naijua tangu chuo kikuu, na nilipata kuijibia mtihani. Lakini katika mtihani hakuna giaboksi inayokauka. Tena kompyuta ina nafuu moja: inayo kanuni ya kuamua jina lipi lishinde, na mwandishi makini anaweza kuitabiri. Msomaji hana kanuni hiyo. Yeye huchagua maana ambayo mkono wake umeizoea.

Katika kusahihisha karatasi ile niliacha neno "plagi" mikononi mwa wenyewe, libaki jina la kifaa cha cheche, kwa kuwa mafundi wamekwisha kulimiliki. Nikaandika "kizibo cha oili ya injini" na "kizibo cha oili ya giaboksi". Ni majina marefu, na najua wapo wenzetu wanaopenda istilahi iwe neno moja. Urefu huo mimi nauvumilia. Gereji ina uzoefu wake wa kuunda maneno, wala haikungoja kamati: rejeta, klachi na shokomzoba yamepita katika vinywa vya watu hadi yakakubaliana na matamshi yetu. Usukani ulitoka jahazini ukaingia garini bila barua ya mtu yeyote.

Tatizo la pili ni la kuhesabu, nalo ndilo lililonishughulisha zaidi. Injini ya gari hilo ina silinda nne, na cheche huziwasha kwa utaratibu wa 1, 3, 4, 2. Waliolitengeneza huhesabu silinda ya kwanza kutoka upande wa flaiwili, yaani lile gurudumu zito lililo nyuma ya injini. Mafundi waliozoea magari ya Japani huhesabu kutoka upande wa rejeta. Nilitaka kujua tofauti hiyo huleta madhara gani, nikaandika programu fupi ya kugeuza hesabu: 1 iwe 4, 2 iwe 3, 3 iwe 2, na 4 iwe 1. Jawabu lilikuwa 4, 2, 1, 3. Ukiizungusha orodha hiyo ili ianze na 1, utapata 1, 3, 4, 2, yaani utaratibu uleule wa awali.

Kwa hiyo mafundi wa pande zote mbili huelewana juu ya utaratibu bila kutambua kwamba hawaelewani juu ya mwanzo. Hitilafu huja kujitokeza wakati wa kufunga distribyuta upya. Pistoni za silinda ya 1 na ya 4 hufika juu pamoja, lakini wakati moja inabana mchanganyiko wa hewa na petroli, nyingine inamalizia kutoa moshi. Fundi akifuata alama za kitabu huku akihesabu silinda kwa desturi yake, cheche itakuja wakati wa kutoa moshi, na injini itakataa kuwaka au itapiga mshindo katika kabureta. Mtafsiri anayeandika "silinda ya kwanza" peke yake hajafasiri kitu. Hana budi aandike "silinda ya kwanza kutoka upande wa flaiwili", hata kama kitabu cha asili hakikusema hivyo katika ukurasa huo.

Katika Python, mambo huzidi kidogo, maana kitu cha kwanza katika orodha hupewa nambari 0. Walimu hulalamika kwamba wanafunzi hulikataa jambo hili, na naona lawama moja ni ya istilahi. Tukiandika "nafasi ya 0", mwanafunzi ana haki ya kuuliza nafasi hiyo ipo wapi. Lakini msemaji wa Kiswahili anayo hesabu ya namna hiyo kila siku. Tunaposema saa moja asubuhi, tunataja saa moja iliyokwisha kupita tangu kucha. Jua linapochomoza hakuna saa iliyopita. Vivyo hivyo, nambari 0 inaonyesha kwamba hujapiga hatua yoyote kutoka mwanzo wa orodha. Napendekeza basi neno "hatua" badala ya "nafasi". Haya ni maoni yangu binafsi, hayajafikishwa katika kamati.

Kuhusu "kitanzi", jina la sehemu ya programu inayorudiwarudiwa, wapo wanaolichukia kwa sababu hunyonga. Mimi sioni ubaya. "Mzunguko" tayari ni mali ya injini, na programu isiyo na sharti la kutokea humnyonga kweli aliyeiandika.

Karatasi mpya sasa imebandikwa ukutani gerejini. Fundi mkuu amekata maneno yangu "kizibo cha oili ya injini" kwa kalamu ya risasi, akaandika juu yake "boliti ya kumwagia, injini", na kule kwingine "boliti ya kumwagia, giaboksi". Juma lililopita nilipofika niliwakuta vijana wakiyatumia maneno hayo. Sikuyafuta.